Kwa Nini Muuguzi Anamwamsha Mgonjwa Mapema

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo huleta ugomvi wodini. Umekuja kumwona binti yako aliyejifungua jana kwa upasuaji. Umebeba uji kwenye themosi. Unamkuta muuguzi amemshika mkono, anamwambia asimame atembee, naye machozi yanamtoka. Unauliza: kwani hawa watu hawana huruma? Mtu amekatwa tumbo jana!

Niliwahi kuulizwa hivyo na mama mmoja wa huku kwetu Tabaka, na sikumjibu vizuri. Sisi wauguzi tuna kosa hilo la kuamrisha bila kueleza. Basi leo nitaeleza, na itabidi turudi nyuma kidogo.

Upasuaji wenyewe si mgeni kwetu. Wazee wa Abagusii walikuwa na omobari, aliyefungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa. Kule Bunyoro, Uganda, mwaka 1879, Robert Felkin kutoka Uingereza alishuhudia waganga wa huko wakimpasua mama mjamzito, na baada ya siku kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona. Kilichobadilika sana ni namna ya kumtunza mtu baada ya kisu.

Zamani hata madaktari wakubwa walisema kama yule mama: alale. Mwaka 1863 mpasuaji wa London, John Hilton, alichapisha mafundisho yake kwamba pumziko ni dawa, na wengi wakamfuata. Huko Ulaya na Marekani mwanamke aliyejifungua aliwekwa kitandani siku kumi au hata wiki mbili. Mwaka 1899 daktari Emil Ries wa Chicago aliandika kwamba wanawake aliowapasua aliwaamsha mapema na walipona vizuri. Wengi hawakumjali, na ikapita karibu miaka arobaini.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Pili. Majeruhi walikuwa wengi na vitanda vichache, ikabidi wagonjwa waamshwe upesi. Wakati huo huo Daniel Leithauser wa Detroit alikuwa akiwatembeza wagonjwa wake mapema baada ya upasuaji, na mwaka 1946 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Mwaka uliofuata daktari Mwingereza, Richard Asher, aliandika juu ya hatari za kitanda chenyewe: damu kuganda miguuni, mapafu kujaa makohozi, vidonda vya mgongoni, choo kigumu, mifupa kudhoofika.

Hiyo ya damu ndiyo inayotutia hofu zaidi. Shavu la mguu hufanya kazi kama pampu: ukitembea linakamua damu irudi moyoni. Ukilala tu, damu inatulia na inaweza kuganda. Bonge likikatika na kwenda kwenye mapafu, mtu anaweza kufa ghafla. Na mwanamke aliyejifungua damu yake huganda upesi kuliko kawaida, kwa sababu mwili umejipanga asiishiwe damu wakati wa uzazi. Hatari hiyo huendelea kwa wiki sita hivi, hata akiwa nyumbani.

Basi msaidie namna hii. Akunje magoti, ageukie ubavu, ajiinue kwa mkono, akae kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kizunguzungu kiishe. Akikohoa, abane mto juu ya mshono. Siku ya kwanza hatua chache, hadi chooni zinatosha. Nyumbani azunguke uani mara kadhaa kwa siku, akiongeza kidogo kidogo. Akishindwa kuzungumza kwa sababu ya kuhema, amezidisha. Miteremko yetu ya kwenda machimboni aiache kwanza, hasa mvua ikinyesha.

Kutembea si kubeba. Nimeona mama mkwe akisikia neno "mazoezi" na kumpa mkaza mwana mtungi wa lita ishirini! Kwa wiki sita asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Na kukaa kutwa nzima ukisugua vinyago vya mawe kwa msasa ni karibu sawa na kulala. Ainuke kila baada ya muda atembee.

Wagonjwa wengine pia, kama anayetumia dawa za saratani au za kifua kikuu, hupata nguvu kwa matembezi mafupi. Lakini kama daktari amesema alale, kwa mfano kwa mfupa uliovunjika au ugonjwa wa moyo, mfuate daktari.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, akipata shida ya kupumua ghafla au maumivu ya kifua, homa, damu nyingi, au mshono ukifunguka, usingoje asubuhi. Usimkande mguu huo wala usimpake dawa ya kuchua. Tafuta gari au pikipiki, mpeleke hospitali usiku huo huo.