Dawa za kupunguza uvimbe: namna zinavyofanya kazi, makundi yake na hatari zake

Kwenye farmasi za Uvira, kuanzia Kalundu mpaka Kavimvira, ombi hili linasikika kila siku: "Nipatie dawa ya maumivu." Anayeomba anaweza kuwa mbeba mizigo wa bandarini anayeumwa mgongo, mama ambaye goti limevimba, ao motari aliyeanguka. Mara nyingi anapewa ibuprofeni ao diklofenake, na mara nyingine kidonge kidogo cha deksametazone juu yake. Zote ni dawa za kupunguza uvimbe, lakini hazifanyi kazi kwa njia moja. Na hakuna hata moja kati yake inayoua mikrobu.

Uvimbe unatoka wapi?

Mtu akijikata ao akiteguka mguu, mwili wenyewe unaleta damu nyingi mahali pale ili kupambana na mikrobu na kutengeneza palipoharibika. Ndiyo maana pale panavimba, panapata joto na kuuma. Kazi hiyo inaongozwa na kemikali za mwili, na kati yake kuna zile zinazoitwa prostaglandini.

Lakini prostaglandini zina kazi nyingine pia: zinakinga ukuta wa ndani wa tumbo usichomwe na asidi, na zinasaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Dawa ikizizuia kwenye goti, inazizuia na kwenye tumbo na figo. Shida inaanzia hapo.

Kundi la kwanza: zisizo na kortizoni

Hapa ndipo penye asipirini, ibuprofeni, diklofenake, indometasini na naproksene. Waganga wanaziandika kwa kifupi AINS. Asipirini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1897, ila ni mwaka 1971 tu ndipo mtafiti Mwingereza John Vane alionyesha kwamba inazuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Dawa hizi zinashusha homa, maumivu na uvimbe. Zikitumiwa siku nyingi, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kutokwa damu ndani, kupandisha tansio na kuharibu figo. Wengi wanafikiri sindano ya diklofenake haiwezi kuumiza tumbo kwa sababu haipiti mdomoni. Si kweli: inapita kwenye damu na kupunguza kinga ya tumbo vilevile. Kuchanganya ibuprofeni na diklofenake nako hakuongezi nafuu, kunaongeza hatari, kwa sababu ni dawa za kundi moja.

Kuna nyingine mpya zaidi, kama selekoksibu, ambazo haziumizi tumbo sana. Lakini moja ya jamaa yake, rofekoksibu, iliondolewa sokoni mwaka 2004 juu ya kuongeza magonjwa ya moyo na kiharusi.

Kundi la pili: zenye kortizoni

Hizi ni kama predinizolone, deksametazone na hidrokortizoni. Zinafanana na homoni inayotoka kwenye tezi ndogo zilizo juu ya figo. Mwaka 1948, daktari Philip Hench wa Marekani na wenzake walimpa kortizoni mgonjwa wa viungo kwa mara ya kwanza. Hench alikuwa kati ya watatu waliopata Nobel mwaka 1950.

Zina nguvu kuliko kundi la kwanza kwa sababu zinatuliza kinga yote ya mwili. Zinaokoa maisha ya mtu mwenye pumu kali. Lakini kinga ikitulizwa, kifua kikuu kilichojificha kinaweza kuamka. Sukari na tansio vinapanda, mifupa inadhoofika. Wanaomeza deksametazone ili wanenepe, na wanaojipaka mafuta ya kortizoni ili ngozi ing'ae, wanabeba hatari hizo bila ugonjwa wowote wa kutibu. Aliyetumia kwa majuma mengi asiache ghafla: tezi zake zimelala, na munganga ndiye anayepaswa kupunguza kidogo kidogo.

Parasetamoli je?

Parasetamoli inashusha homa na maumivu, lakini uvimbe haiupunguzi sana. Haiumizi tumbo kama AINS. Hatari yake ni kwa ini, mtu akizidisha kipimo.

Wakati wa kolera, hatari inaongezeka

Uvira ni mji ambao kolera inarudi mara kwa mara. Mtu anayehara na kutapika anapoteza maji, na damu inayofika kwenye figo inapungua. Akimeza diklofenake ao ibuprofeni juu ya homa ao maumivu ya tumbo, anaziondolea figo msaada uliobaki, na zinaweza kusimama kufanya kazi. Kinachohitajika kwanza ni maji ya ORS na kufika haraka kwenye kituo cha matibabu.

Kabla ya kununua

Muuza dawa aambiwe kama mtu ana mimba, vidonda vya tumbo, tansio, ugonjwa wa figo ao pumu, na kama kuna dawa nyingine anayomeza. Mama mwenye mimba, zaidi sana miezi ya mwisho, asimeze AINS bila munganga kumruhusu. Mtoto mwenye homa asipewe asipirini. AINS zinamezwa baada ya kula, kwa kipimo kidogo kinachotosha na kwa siku chache.

Choo kikiwa cheusi kama lami, mtu akitapika damu, mkojo ukipungua sana ao uso ukivimba, dawa isimamishwe na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kama ni dawa ya kortizoni aliyoimeza muda mrefu, asiisimamishe mwenyewe: aende nayo, munganga aamue.