DSpace
DSpace ni programu huria inayotumiwa na maktaba na vyuo vikuu kuhifadhi na kuonyesha kumbukumbu za kidijitali, hasa tasnifu na makala za utafiti. Ilibuniwa nchini Marekani na maktaba za chuo kikuu cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, ikatolewa mwaka 2002. Nyaraka hupangwa katika jumuiya na mikusanyo. Kila waraka huelezwa kwa kiwango cha Dublin Core na kupewa anwani ya kudumu. DSpace haina ada ya leseni, ila huhitaji seva na fundi wa kuitunza. Chuo Kikuu cha Nairobi ni miongoni mwa watumiaji wake. Maktaba zinazotaka maonyesho ya picha yenye maelezo mara nyingi huchagua programu nyingine, Omeka, iliyotoka mwaka 2008.