Pikapu kuukuu ya Land Cruiser: Tazama chasisi kabla ya injini

WANUNUZI wengi wa pikapu za Toyota Land Cruiser zilizotumika huanza kwa kufungua boneti. Ni kuanza kusiko sahihi. Injini aina ya 1HZ, iliyoanza kutumika mwaka 1990, ni ya dizeli, ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2, haina tabo, na pampu yake hufanya kazi bila kompyuta. Ikichoka, fundi mzoefu huifungua na kuitengeneza upya. Chasisi iliyoliwa na kutu haitengenezeki kwa urahisi huo.

Gari lililofanya kazi mwambao wa pwani, penye hewa ya chumvi, lichunguzwe uvunguni kwa kugongwa nyundo ndogo, hasa zinaposhikizwa springi za nyuma. Rangi nyeusi mpya chini ya gari la zamani hivyo ni ya kutilia shaka. Namba ya chasisi nayo ilingane na iliyo kwenye kadi ya gari.

Springi hizo za nyuma, za mabamba ya chuma, zimeundwa kwa mzigo mzito. Gari likiwa tupu huruka kila penye shimo. Anayebeba mifuko michache ya saruji ndani ya Dar es Salaam atatoshwa na pikapu nyepesi ya silinda nne, isiyokunywa mafuta kiasi hicho.