Anita Watatu

Kila tukutanapo wanafunzi wa zamani, ubishi haukosi: golikipa yupi alikuwa hodari zaidi, wa enzi zetu au wa leo? Wapenzi wa michezo ya jukwaani huko Marekani nao wana ubishi wao, juu ya Anita, msichana wa Puerto Rico katika West Side Story, mchezo wa nyimbo na dansi.

Wa kwanza alikuwa Chita Rivera, New York, mwaka 1957. Alifunzwa baleti, na akikosea hatua hapakuwa na kurudia. Filamu ya 1961 alipewa Rita Moreno, mzaliwa wa Puerto Rico hasa. Kamera ilimsogelea, naye akaigiza hata kwa macho. Akapata tuzo ya Oscar. Katika filamu ya 2021, dansi ya "America" ilitolewa juu ya paa usiku, naye Ariana DeBose akaicheza barabarani mchana. Naye akapata Oscar.

Basi nani zaidi? Ndugu zangu, ushahidi haulingani. Wawili hawa tunawatazama hadi leo. Rivera, aliyefariki 2024, sauti yake imo katika santuri, lakini dansi yake ya jukwaani walibaki nayo walioiona. Hata hivyo, yeye hakuwa na wa kumwiga. Aliifyeka njia, wenzake wakapita.

Nanyi vijana mlio shuleni, kabla ya kumsifu bingwa wa leo, waulizeni wazee ni nani alianza, mkaandike jina lake.