Shaba huyeyushwa: Kutoka miungu ya nyumbani ya Warumi hadi bangili za masamva Simiyu

Katika kaya za Kisukuma zinazoendelea kuwatunza masamva, yaani roho za wahenga, bangili ya shaba au ya chuma iliyotengwa kwa ajili ya mhenga haihesabiwi kuwa pambo. Imo katika kundi la vitu viitwavyo shitongelejo: bangili, mkuki, jembe, kigoda, fimbo, ambavyo familia huviweka wakfu kwa jina la marehemu wao ili aendelee kukumbukwa na kuombwa. Mfumu, yaani mganga, ndiye hubaini ni babu au bibi yupi anayedai haki yake. Mhunzi ndiye hutengeneza kinachodaiwa. Kuanzia Binza wilayani Maswa hadi Bariadi, Itilima na Meatu, sehemu ya historia ya watu wa mkoa wa Simiyu imehifadhiwa ndani ya vitu hivi vidogo.

Historia hiyo iko hatarini, na hatari yenyewe ni ya kale: madini huyeyushwa. Yaliyowapata Warumi, watu waliokuwa na desturi inayokaribiana sana na hii, yanatuonyesha inavyokuwa.

Miungu ya ndani ya nyumba

Mwaka 79 mlima Vesuvius ulilipuka kusini mwa Italia, ukaufunika mji wa Pompeii kwa majivu pamoja na vyote vilivyokuwamo. Ufukuaji ulipoanza mwaka 1748, majumbani yalianza kuonekana madhabahu madogo yaliyojengwa ukutani mithili ya vidaka, na vijisanamu vya shaba vinavyoenea kiganjani. Hao walikuwa miungu ya nyumbani. Lares, walinzi wa kaya, walitengenezwa kama vijana wawili walio katikati ya ngoma, vazi linapepea, mkono mmoja umeinua pembe ya kunywea. Pamoja nao alikaa Genius, roho ya mwenye nyumba, amejifunika vazi kichwani kama mtu anayetoa sadaka. Wengi waliongeza Mercury, mungu wa wafanyabiashara, ameshika kifuko cha fedha.

Katika nyumba ya akina Vettius mjini humo, picha ya ukutani bado inamwonyesha Genius katikati ya Lares wawili, na chini yao nyoka mkubwa akiielekea sadaka. Wenye nyumba walifukiza ubani, wakamimina mvinyo, wakatenga chakula. Mtoto alizaliwa, kijana akabalehe, bibi harusi akaingia: kila tukio lilipitishwa mbele ya vijisanamu hivyo.

Utengenezaji wake ulidai subira. Fundi alifinyanga kwanza sanamu kamili kwa nta ya nyuki, akachora nywele, mikunjo ya nguo na vidole. Aliipaka udongo laini tabaka juu ya tabaka, akaacha tundu la kumiminia na vitundu vya kutolea hewa. Udongo ulipokauka aliuchoma. Nta ikayeyuka na kutiririka nje, ndani kukabaki uwazi wenye umbo lile lile. Humo alimimina shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, mchanganyiko unaoyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 1,000 za sentigredi. Ulipopoa aliuvunja udongo, akaisugua sanamu na kuinakshi kwa patasi. Kalibu iliyovunjwa haitumiki tena, kwa hiyo kila sanamu ilianza upya kwenye nta.

Mwaka 392 Kaizari Theodosius alipiga marufuku ibada hizo, hata zile za ndani ya nyumba. Lakini amri hiyo peke yake haielezi kwa nini sanamu nyingi zimetoweka. Shaba ilikuwa mali. Iliyochakaa, iliyoibwa au iliyokosa mwenyewe iliingia kwenye tanuri ikatoka ikiwa sufuria, sarafu au kengele. Zilizosalimika ni zile zilizofunikwa na majivu, zilizofukiwa ardhini au zilizozama baharini pamoja na meli.

Simba wa Shanga

Mzunguko huo wa tanuri ulifika pia katika pwani yetu. Katika miaka ya 1980, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba magofu ya Shanga katika kisiwa cha Pate, Lamu, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 15. Humo alipatikana simba mdogo wa shaba wa takriban mwaka 1100, aliyetengenezwa kwa njia ile ile ya nta. Mwaka 1988 Horton na mwenzake T. R. Blurton walichapisha uchunguzi wao: sura ya simba huyo inafanana na vijisanamu vya ibada za nyumbani vya India, ingawa huenda alitengenezwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Kinachosisimua zaidi ni madini yenyewe. Inadhaniwa kwamba shaba yake ilitokana na sarafu za Kichina zilizoyeyushwa. Sarafu za namna hiyo zilifika kwa wingi katika pwani hii. Mwaka 1945 zaidi ya 170, nyingi za enzi ya Song, zilifukuliwa Kajengwa, kusini mwa Unguja. Ikiwa ndivyo, ndani ya kisanamu kimoja kuna fedha ya China, sanaa ya India na mji wa Waislamu wa Kiswahili. Sarafu zilizokiumba zimepotea milele. Nacho kilinusurika kwa sababu kilifukiwa.

Shaba inaingia Usukumani

Usukuma haikuwa na migodi ya shaba. Ilikuwa na chuma, kilichofuliwa na Balongo, wahunzi walioheshimiwa na kuogopwa, wenye asili ya upande wa Uzinza na Geita. Shaba ilikuja kwa miguu. Katikati ya karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilikuwa ikienda Katanga, na mmoja wao, Msiri, akaanzisha huko ufalme wa Wayeke uliotajirika kwa shaba hadi alipouawa mwaka 1891. Kutoka upande wa Zanzibar zilikuja koili za waya mnene wa shaba, masango, zilizotumika pamoja na vitambaa na shanga kulipia hongo, yaani ushuru wa kupita, na chakula njiani. Msafara wa Henry Morton Stanley uliofika Kageye, ufukweni mwa Ziwa Victoria, Februari 1875, uliishi kwa malipo ya aina hiyo.

Mhunzi aliupokea waya huo, akaupasha moto, akaupinda na kuugonga mpaka ukawa bangili. Hakuufanya sanamu ya mungu, kwa kuwa masamva hawakuhitaji kuchongewa uso. Walihitaji jina lao litamkwe na kitu chao kitunzwe. Hapa ndipo kaya ya Msukuma na nyumba ya Mrumi zinapokutana: kitu kidogo cha madini, ndani ya boma, kinachowaunganisha walio hai na wasioonekana.

Tofauti iko katika yaliyofuata. Pompeii ilipofukuliwa, wageni wa Ulaya walitaka kurudi kwao na miungu hiyo. Mafundi wa Roma, akiwamo Giacomo Zoffoli, wakaanza kuuza nakala ndogo za shaba za sanamu maarufu. Mjini Napoli, karakana ya Chiurazzi iliyoanzishwa mwaka 1870 ilinakili sanamu za makumbusho ya mji huo kwa ukamilifu uliozifikisha hadi kwenye bustani za jumba la Getty huko California. Leo mwanafunzi anaweza kumshika Mercury mkononi na kuigusa mikunjo ya vazi lake, huku sanamu yenyewe ikilindwa ndani ya kioo. Nakala imeokoa sura, na pia imewapa mafundi kazi.

Sisi tuna mahali pa kuanzia. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, jirani na jiji la Mwanza, yaliyojengwa chini ya uongozi wa padre David Clement, yanatunza ngoma na vifaa vya watemi ambao mamlaka yao yalifutwa kisheria mwaka 1963. Lakini bangili ya kaya haikuwahi kuwa ya mtemi. Imo ndani ya sanduku, na mzee anayejua ni ya nani akifa, huwa imebaki kipande cha shaba tu. Mnunuzi wa vyuma chakavu ataipima kwa kilo.

Kila familia inaweza kufanya mambo matatu kabla hayo hayajatokea. Iandike jina la mhenga, aliyeitengeneza bangili na aliyeirithi. Iipige picha. Kisha imwite fundi wa Bariadi au Maswa aitengeneze nakala, ambayo shule itaifundishia na mgeni atauziwa, huku ya asili ikibaki kwa wenyewe. Mafundi wanaofua majembe na visu kutokana na springi za magari wanao ujuzi wa kuanzia. Wanachokosa ni mteja. Halmashauri za mkoa zikiwa mteja wa kwanza, kwa ajili ya shule zao, kazi ya Balongo itapata warithi wenye kipato, na majina ya wahenga yatakuwa yameandikwa.