Kabla Haijaitwa Chogo

"Mzee, inatengenezeka?"

Fundi hakunijibu. Aliigeuza TV ya mama, akafungua skrubu za nyuma, akapuliza vumbi hadi tukakohoa wote wawili. Kibanda chake kiko Magomeni, na nilifika pale kwa sababu nyumbani mjadala ulishindikana. Kaka yangu alitaka itupwe tununue flati, laki tatu na ushee, mambo yaishe. Mama hakutaka hata kusikia. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kusikiliza pande zote mbili, nikapewa kazi ya kubeba mzigo. Na ni mzigo kweli: inchi 21, zaidi ya kilo ishirini.

"Kutengenezeka inatengenezeka, mwanangu," alisema mwishowe. "Uliza kama inafaa."

Nimelifikiria sana swali hilo, maana nakumbuka wakati halikuwepo. TV hiyohiyo iliwahi kuzima mwaka 1999, nikiwa shule ya msingi. Baba aliifunga kwa khanga ya mama, akaipakia kwenye teksi kama anayewahisha mgonjwa. Hakuna aliyeuliza kama inafaa. Watu walibishana tu juu ya fundi yupi ana mkono mzuri.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi turudi nyuma. Kenya ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1962, Uganda ikafuata 1963. Zanzibar ilipata televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi tangu mwanzo. Bara tulibaki na redio. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache, na sera hiyo ikaendelea hata alipong'atuka. Dar es Salaam kulikuwa na watu waliosimamisha antena ndefu juu ya paa wakiomba upepo uwaletee picha kutoka ng'ambo ya bahari. Sheria ya Huduma za Utangazaji ilipitishwa 1993, na mwaka uliofuata vituo binafsi, ITV miongoni mwao, vikaanza kuonekana hewani.

Kwa hiyo baba aliponunua ya kwetu mwaka 1997, kwa mkopo wa kazini, televisheni ya bara ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Jioni watoto wa jirani walijaa sebuleni, waliokosa nafasi wakaning'inia dirishani. Kitu cha namna hiyo kikiharibika, mtaa mzima unapata msiba. Utaanzaje kupiga hesabu?

Na haikuitwa chogo. Hili ndilo linalonifurahisha kama mtu wa maneno. Tuliita TV, basi, kwa sababu TV zote zilikuwa na mgongo. Tyubu ya picha inahitaji kina: nyuma kabisa kuna shingo inayofyatua elektroni, mbele kuna kioo chenye fosfori inayowaka zinapogonga, na katikati panahitajika nafasi ya miale kutawanyika. Zilipoingia zile bapa ndipo tukageuka, tukatazama nyuma ya zetu na kuona kisogo kimechomoza. Jina likaja pamoja na aibu. Swali la "inafaa?" nalo, kwa maoni yangu, likaingia kwa mlango huohuo.

Wengi walidhani dijitali ingezimaliza. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata mwaka 2013. Nakumbuka manung'uniko ya watu kwamba TV zao zimekufa. Wapi! Kikaja king'amuzi (neno zuri mno, kutoka kung'amua, kana kwamba kile kiboksi kina akili). Unachomeka nyaya tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe, na chogo linaamka. Ya mama iliishi zaidi ya miaka kumi kwa njia hiyo.

Safari hii ugonjwa ulikuwa kwenye pawa. Fundi alinionyesha kapasita mbili zilizovimba vichwa: joto na miaka hukausha maji ya ndani. Hizo ni rahisi, zinapatikana. Flaibeki, inayopandisha umeme hadi kufikia volti elfu ishirini na zaidi, ilikuwa nzima. Tatizo lingine alilitaja kwa sauti ya chini, kama daktari: tyubu imechoka. Ndiyo maana picha ilikuwa inachelewa kutokea na nyekundu inafifia. Tyubu mpya hazitengenezwi tena kwa ajili ya TV hizi, na ya kuokoteza kutoka TV nyingine huenda imechoka vilevile.

"Na flati?" nikamuuliza. Akanielekeza kwa kidevu pembeni ya kibanda. Zilikuwa nne, zimeegemezwa ukutani, vioo vimepasuka. Kioo kikipasuka, bei yake inakaribia bei ya TV mpya, kwa hiyo wenyewe hawarudi kuzichukua. Alikuwa anazinyofoa vipuri.

Nilimuuliza pia chogo likitupwa linaenda wapi. Wa chuma chakavu huchomoa shaba ya koili, akasema, kile kioo kinene hakina mnunuzi. Kioo hicho kina madini ya risasi. Kaka alipokuwa anasema "tupa", hakuwa anafikiria kwamba kuna mahali hasa kitakapoangukia.

Nikalipa elfu thelathini na tano. Kaka amenuna, na kwa hesabu zake hajakosea: fedha hizo ni sehemu ya kumi ya flati mpya, na sijui tumenunua miezi mingapi. Fundi alikuwa mkweli. "Dhamana ya kapasita nakupa miezi mitatu. Ya tyubu sikupi."

Mama ameirudisha juu ya kabati na kitambaa chake cha kufuma. Anaiwasha saa mbili kasorobo, ili taarifa ya habari ikianza picha iwe imeshafika.