Kasongo Si Rais: Ngoma za Mathe Zilitoka Wapi?

Wasee, tuanze na hii moja kwa moja. Kasongo si jina la rais. Najua kuanzia mwisho wa 2024 kuingia 2025 hakuna siku ilipita bila mtu kuweka ile ngoma chini ya video ya William Ruto. TikTok ilijaa, matatu zikaipiga asubuhi na jioni, hadi watoto wa nasari wakajua korasi. Jina likashika, likaingia kwa ile orodha pamoja na Zakayo. Poa, utani ni utani, na mimi nilicheka kama nyinyi. Lakini ukiuliza wasee wa rika letu hiyo ngoma ilitoka wapi, jibu ni moja tu: "Si ni za wazee hizo, zilizopendwa." Halafu stori inaishia hapo.

Mimi nataka tusiiache hapo.

Historia ya shule ilinifunza Mekatilili, reli ya Uganda na mikutano ya Lancaster House. Hakuna mtihani uliwahi kuniuliza nani alikuwa anapiga lile gitaa lililokuwa linalia kwetu kila Jumamosi. Chuo nilitoka mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo hii nimejisomea mwenyewe, usiku, kwa simu, na kwa kuuliza watu waliokuwepo. Na kitu nimepata ni hiki: ngoma nyingi tunazoziita za nyumbani zilitengenezwa na watu waliokuwa mbali sana na nyumbani kwao. Nadhani ndio maana zilitutoshea vizuri.

Tuanze na Kasongo mwenyewe. Ngoma ni ya Orchestra Super Mazembe, ilitoka 1977, hapa hapa Nairobi. Imeimbwa kwa Lingala. Ndani yake kuna mwanamke anamwita bwana yake, Kasongo, arudi nyumbani. Ni hivyo tu. Ile sauti tunayodhani ni ya sherehe ni ya mtu anayebembeleza.

Bendi yenyewe haikuzaliwa Nairobi. Ilianza 1967 kule Kongo ikiitwa Super Vox, chini ya kiongozi wao Mutonkole Longwa Didos. Wakatoka, wakapitia Zambia, wakafika Nairobi 1974, na hilo jina la Mazembe linatokana na ile mitambo mizito ya kusukuma udongo barabara ikijengwa. Fikiria vijana na magitaa yao wanavuka nchi baada ya nchi, hawajui kama huko mbele kuna mtu atawasikiliza.

Na hawakuwa peke yao. Baba Gaston, yule wa Kakolele Viva Krismasi, alikuwa Mkongo. Narudia: ile ngoma ambayo bila hiyo Desemba ya Kenya haijaanza, iliimbwa na Mkongo. Mwaka 1976 wanamuziki wake kadhaa walimtoka wakaanzisha Les Mangelepa, na moja ya ngoma zao kubwa wakaiita Embakasi. Samba Mapangala, huyo wa Vunja Mifupa, alizaliwa Matadi, akapita Kinshasa, akapiga muziki Kampala na kundi la Les Kinois, na 1977 wakaingia Nairobi. Upande wa kusini nao, ndugu wa familia ya Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakafika Nairobi 1971 na Simba Wanyika ikazaliwa. Mwaka 1978 baadhi yao wakajitenga wakawa Les Wanyika, hao wa Sina Makosa.

Kwa nini wote Nairobi? Jibu fupi ni mashine. Miaka ya 70 Nairobi ilikuwa na studio nzuri, kampuni za kurekodi kama EMI na PolyGram, kiwanda cha kutengeneza santuri, na River Road yenye maduka ya kuziuza. Ilikuwa na vilabu vya usiku vilivyotaka bendi kila wikendi. Huko Zaire ya Mobutu uchumi ulikuwa unateremka, bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka hiyo. Tanzania nayo bendi zilirekodi kwa redio ya taifa, lakini santuri zilikuwa zinatengenezwa huku kwetu. Msanii akitaka wimbo wake ushikike mkononi, ununuliwe, uwekwe kwa baa, alikuja Nairobi.

Kuna kitu kingine kuhusu hizo santuri. Zile ndogo zilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, na rumba haiishi kwa dakika tatu. Kwa hivyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Upande wa kwanza unaimba taratibu, unaeleza shida. Ukigeuza, magitaa yanaanza kukimbia na watu wanainuka. Ndio maana wazee wetu wanacheza hivyo, wametulia, wametulia, halafu ghafla mjomba ako katikati ya hema na jasho. Anajua saa ya kugeuza santuri imefika, hata kama sasa ni simu.

Mwaka 1977 pia ndio Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Ulifunguliwa 1983. Hiyo miaka yote Watanzania wa Nairobi walikuwa wanapiga ngoma za mapenzi na za kuomba msamaha huku njia ya kawaida ya kwenda kwao imefungwa. Sikiliza Sina Makosa ukijua hilo. Maneno hayabadiliki, lakini utaisikia tofauti.

Sasa niwapeleke kwetu.

Nimelelewa kwa ploti Eastlands. Vyumba kumi na vinne, bomba moja, waya za kuanika zinapishana. Mathe ni Mluhya, buda ni Mkamba. Mlango wa pili walikuwa Wajaluo, wa tatu Wakikuyu, wa mwisho mama mmoja wa Kisii aliyekuwa anauza mboga. Buda alikuwa dereva wa trela, Mombasa mpaka Malaba, Malaba mpaka Kampala, na safari zingine zilivuka hadi Kongo. Anaenda wiki tatu, anakuja siku mbili. Mathe alikuwa na redio ndogo ya betri, na Jumamosi ilikuwa Roga Roga ya Fred Obachi Machoka kwa Radio Citizen. Akifua, rumba. Akipika, rumba. Mimi nilijifunza kutembea nikishika beseni na Super Mazembe ikiimba.

Hakuna mtu kwa hiyo ploti alijua Lingala. Hata mmoja. Na hiyo ndiyo siri yenyewe.

Kuanzia 2000, Kameme ilipoanza, redio za lugha za mama ziliingia na zikashika kweli. Kila mlango ukawa na stesheni yake. Hakuna ubaya, mtu ana haki ya kusikia lugha ya shosho wake. Lakini Mathe ananiambia Januari 2008, vita vya baada ya uchaguzi vikiwa vimechacha, hiyo ploti ilinyamaza. Watu walikuwa wanapunguza sauti ya redio ndio jirani asijue wanasikiliza nini, wa kabila gani, upande gani. Nilikuwa na miaka minne, sikumbuki. Yeye anakumbuka. Anasema kitu cha pekee mtu angeweza kupiga kwa sauti bila kuogopa ilikuwa rumba. Lingala haikuwa ya mtu yeyote hapo, kwa hivyo hakuna mtu ilimtisha. Siku moja alifungulia, mama wa Kisii akafungua mlango, halafu wa mlango wa pili akatoka kuchota maji. Hawakusema mambo mengi. Lakini walitoka.

Sisemi ngoma ilileta amani. Amani haikuletwa na ngoma, na kuna watu walihama hiyo ploti wakaenda wasirudi. Nasema tu kwamba wageni walitupatia kitu ambacho sisi wenyewe tulishindwa kupeana: sauti ya nyumbani ambayo haikuuliza jina lako la pili.

Na sisi tuliwalipa vipi? Mwaka 1980 Sauti ya Kenya, ile VOK ambayo baadaye ilikuja kuwa KBC, ilijaribu kuamuru muziki wa Kenya upigwe zaidi na ule wa nje ubanwe. Wasikilizaji walilalamika na amri haikudumu. Lakini suala la vibali vya kazi halikuisha, na miaka hiyo ya 80 lilikuja kubana wanamuziki wengi wa nje. Virunga ya Samba Mapangala ilikumbana nalo. Kufikia 1985 Super Mazembe ilikuwa imesambaratika, na hiyo ni bendi ambayo miaka michache nyuma kampuni ya Virgin ya Uingereza ilikuwa imetoa albamu yake ya Kaivaska.

Niwe wa haki hapa. Msanii Mkenya wa wakati huo alikuwa na malalamiko ya kweli. Alitaka nafasi hewani kwa nchi yake, na hata leo wasanii wetu wanalilia hiyo nafasi. Lakini kuna njia ya kumpa Mkenya nafasi bila kumfanya jirani mhalifu. Na tuangalie kilichofuata, juu historia ina utani wake.

Mmoja wa waimbaji wa Super Mazembe alikuwa Lovy Longomba, mtoto wa Vicky Longomba, mmoja wa walioanzisha OK Jazz kule Kinshasa mwaka 1956. Ndugu yake Lovy ni Awilo Longomba, huyo wa Coupé Bibamba, hamwezi kuniambia hamjacheza. Na watoto wa Lovy? Christian na Lovy. Longombas. Vuta Pumz. Dondosa. Shika More. Hao ndio walikuwa Kenya yetu ya miaka ya 2000. Hakuna mtu aliwaita wageni, tulisema ni maboyz wetu. Christian alifariki Marekani mwaka 2021 na Wakenya walimlilia kama wao.

Kwa hivyo ngoma ya Mathe akifua, na ngoma ya mimi nikiruka kitandani, zimetoka kwa familia moja. Nyumba moja ya Kinshasa iliingia kwa chumba kimoja cha Eastlands mara mbili, na sisi hatukujua.

Sai kwa mtaa wetu kuna kinyozi Mkongo. Ni mtu wa miaka yangu, alikuja akiwa mtoto. Kiswahili chake ni kile cha mashariki ya Kongo, na anajua Lingala. Ndiye alinitafsiria Kasongo, mstari kwa mstari, akininyoa. Akiwa peke yake anapiga ngoma zake kwa spika kubwa. Lakini nimeona kitu: askari wakipita, mkono wake unaenda kwa spika kwanza, unapunguza, halafu ndio unaenda kwa mfuko kuhakikisha karatasi ziko. Nilipomuuliza kwa nini anapunguza, alisema, "Kaka, wakisikia ile luga, wanajua mlango wa kuingia."

Nikakumbuka ile ploti ya 2008. Watu wale wale, kitendo kile kile, mkono kwa redio.

Ndio maana sina raha tukiimba Kasongo kwa nguvu hivyo halafu tunamtazama huyo kijana kama mtu aliyepotea njia. Hatuwezi kuchukua sauti tukaacha mwenyewe nje ya mlango. Kama hizi ngoma ni za nyumbani kwetu, basi waliozileta walifika nyumbani kitambo. Mkiweka Kasongo kwa video, andikeni hapo chini Super Mazembe, 1977. Mkiwa na shilingi mia, na bendi ya wazee hao iko mtaani inapiga, ingieni mlipe. Na muulize mathe wako, ama buda, ama shosho: ngoma gani, mwaka gani, ulikuwa wapi, nani alikuwa na wewe? Uliza sai. Hiyo maktaba haina nakala ya pili.

Mimi nilimuuliza wangu. Buda siku hizi anaishi upande wa Malaba na watu wengine, trela aliacha, na kwetu hakuja tena. Nilienda kwa Mathe Jumapili moja nikijiona nimegundua kitu, nikamweleza vile kinyozi alinifafanulia, kwamba ile ngoma ni ya mama anamwita bwana yake arudi. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Baba," akaniambia, "hiyo nilijua kitambo. Kwani mtu mwingine huitwa hivyo ni nani?"

Akaniomba niongeze sauti.